Vidole Vinne Juu ya Tairi

Thayne Colvard aliendesha lori la magogo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa mizani aliyewahi kumtoza faini. Alipenda kulisema hilo. Alilisema baa, akalisema kanisani, akalisema hata kwa daktari wa macho siku alipoambiwa kwamba kisukari kimeyala macho yake na kilichobaki ni ukungu na vivuli. "Sijawahi kuzidisha uzito," alimwambia daktari, kana kwamba kwa neno hilo angerudishiwa kitu.

Mtu wa namna hiyo humwuzii kijumba cha pikapu kwa maneno matamu.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba yeye na mkewe Raelene walikuwa uani kwa Orrin Tibbets, nje kidogo ya mji wa Salmon. Kila msimu wa kuwinda ulipokwisha, Orrin alikuwa akiuza vijumba vilivyochoshwa na wawindaji, vile vya kupakia mgongoni mwa gari. Njiani paa limelala, upepo haupati pa kushika. Ukifika unalisukuma juu kwa mabega, kuta za turubai zinanyooka, umepata chumba cha kusimama. Siku ile vilibaki viwili tu vyenye udogo wa kukaa kwenye pikapu ya Raelene, nayo haikuwa pikapu kubwa. Ile kubwa Thayne aliiuza mwaka macho yake yalipozima, kwa sababu mkewe hakuweza kuipanda bila kigoda.

Walikuwa na siku nne. Jumanne saa mbili asubuhi Raelene alitakiwa alale chini ya mashine ya mionzi huko Missoula, ng'ambo ya mlima, kwa ajili ya saratani iliyokaa mwisho wa utumbo wake. Kisha alale tena kila siku ya kazi, mara ishirini na nane. Nyumba ya wagonjwa ilikuwa imejaa mpaka Krismasi. Hospitali iliwaruhusu waegeshe nyuma, karibu na jenereta. Wiki sita wangeishi humo, watu wawili, ndani ya hatua mbili na nusu.

"Hiki cha kwanza," alisema Orrin, akikipiga kofi ubavuni, "ratili mia sita na ishirini. Kitanda, taa, dirisha. Hata mke wangu LaDonna hulisukuma paa kwa mkono mmoja, na huku ananitukana."

"Choo?" aliuliza Raelene.

"Ndoo, shemeji. Ndoo na kifuniko chake. Na nje kuna dunia nzima ya Mungu."

"Nyuma ya hospitali, Orrin. Katikati ya mji."

Orrin akakohoa, akahamia cha pili. Hiki kilikuwa na jiko la kupasha hewa, maji ya moto, na choo kidogo nyuma ya mlango wa kukunja. Raelene aliingia, akaufunga ule mlango, akabaki humo muda mrefu kuliko unavyohitaji mtu anayekagua choo.

"Umelala huko?" aliita Thayne.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Nasikiliza kama nakusikia." Akatoka. "Nataka hiki."

"Uzito?"

"Mia saba na tisini kikiwa kitupu," alisema Orrin.

Thayne alicheka kicheko cha puani. Tupu! Neno hilo alilijua vizuri, lilishawaua watu aliowafahamu kwa majina. Hakuna anayesafiri na kijumba kitupu. Akaanza kuhesabu kwa sauti, mkono wake ukipapasa ukingo wa pikapu: galoni ishirini za maji, mitungi miwili ya gesi, betri, godoro, makopo ya chakula, jokofu dogo la insulini yake, sanduku lake la vifaa, kiti chake cha kuegemea, kwa maana mgongo wake haukukubali kiti kingine. Ratili elfu moja mia mbili na arobaini.

"Na sisi wenyewe," alisema. "Mimi mia mbili thelathini na sita."

"Sema ukweli mzee, usimwogope shetani," alitania Orrin.

"Thelathini na sita! Nilipimwa juzi. Na Rae..."

Mwaka jana Rae alikuwa mia moja arobaini na tano.

"Mia moja na nne," alisema Raelene. "Taja tu, Thayne. Nilikuwa na kazi ya kupunguza mwili tangu nikiwa binti, mwishowe nimeiweza."

Jumla ikawa elfu moja mia tano na themanini. Ilibaki kujua pikapu inasemaje, na pikapu husema kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva: watu na mizigo, vyote pamoja, visizidi kiasi fulani. Thayne aliweka kidole chake hasa juu ya kibandiko. Alijua kilipo. Hakuweza kukisoma.

"Nisomee, Rae."

Orrin alikuwa upande wa pili, akichomoa kwenye boksi vikaza na minyororo ya kukifungia kijumba. Raelene aliinama. Upepo ulikuwa ukipiga mabati ya ghala.

"Elfu moja mia sita na themanini," alisema.

Thayne alikunja uso. Namba ile ilikuwa kubwa kwa gari la umbo lile, na kila kitu ndani yake, kile kilichokuwa kimebeba magogo miaka thelathini na mmoja, kilimwambia amwite Orrin asome yeye pia. Lakini kumwita Orrin kulikuwa sawa na kusema mbele ya mwanamume mwenzake, hapa uani, kwamba Thayne Colvard haoni. Watu wote wa bonde walilijua jambo hilo. Yeye hakuwa bado amelisema kwa kinywa chake.

"Basi ratili mia zinabaki," alisema. "Kinatufaa."

Ijumaa Raelene alilipeleka gari kwa Orrin peke yake, akasema ni kufungwa vikaza. Jumamosi likarudi na kijumba mgongoni, maji yamejaa, makopo yamepangwa. Thayne alilizunguka akilipapasa kama anavyopapaswa farasi wa kununuliwa. Alipofika nyuma alipiga goti, akapenyeza mkono kati ya tairi na madigadi. Hivyo ndivyo walivyofanya wabeba magogo wa zamani kabla hawajafika kwenye mizani: vidole vinne vikipita wima, springi ina nafasi, nenda zako. Vikipita viwili, shusha gogo.

Vilipita vinne.

"Gari zuri hili," alisema, akajipangusa goti. "Sikulitarajia."

Raelene alikuwa nyuma yake. Akaenda kufunga mlango wa kijumba.

Jumatatu waliondoka mchana bado mchanga. Kutoka kijiji cha North Fork barabara huanza kupanda kwenda kwenye kipito cha mlimani cha Lost Trail, nayo haina huruma: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja, misonobari na utupu upande wa pili. Thayne aliipenda barabara ile kama mtu anavyompenda adui aliyemshinda mara nyingi. Alikaa upande wa abiria, mikono mapajani.

Maili ya tatu aliacha kuzungumza.

Maili ya tano alisema, "Usukani umekuwa mwepesi?"

"Kidogo."

"Ukikata kona, pua inachelewa?"

"Thayne, niache niendeshe."

"Nakuuliza kitu kimoja tu, bibi wee. Pua inachelewa?"

"Inachelewa."

Aliusikia mwili wa gari kupitia kiti. Nyuma ilikuwa inaruka polepole, kama mtu mnene anayecheza kitandani, juu, chini, juu, na kila iliporuka, magurudumu ya mbele yalilegea barabarani. Harufu ya mafuta ya giaboksi iliyoungua iliingia. Kengele ndogo ikalia kwenye dashibodi.

"Imesema nini?"

"Joto."

"Ukifika kileleni kuna uwanja wa kupumzikia. Kata kulia. Usizime injini."

Walifika. Hewa ilikuwa na theluji ndani yake, theluji ile ya kwanza isiyodondoka, inayozurura tu. Thayne alishuka bila fimbo, mkono ubavuni mwa gari, akaenda nyuma, akapiga goti. Vidole vinne. Akaenda mbele, mahali ambapo Jumamosi hakupagusa, na hilo lilikuwa kosa lake na alilijua. Mbele mkono wake wote uliingia, na ngumi juu yake. Gari lilikuwa limeinua pua kama mbwa anayeubwekea mwezi. Akarudi nyuma. Tairi lilikuwa limevimba chini, na la moto, akaondoa kiganja haraka. Kisha akalala kifudifudi kwenye changarawe na kuingiza mkono ndani zaidi, nyuma ya gurudumu, mpaka ukagusa mpira. Mfuko wa upepo, mgumu kama jiwe, umekaa kati ya ekseli na fremu.

Aliijua mifuko hiyo. Wavulana wa mjini huifunga wakidhani wamelipa gari nguvu. Mfuko wa upepo huinua matako ya gari, basi. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile, na vibandiko havibadilishi maneno. Ni sawa na kumnyooshea mgonjwa nguo ukasema amepona.

"Rae," aliita, angali chini. "Nani amefunga hii?"

Alisikia mlango, kisha hatua zake nyepesi.

"Orrin. Nilimwomba. Alikataa mara mbili."

"Kwa nini ulimwomba?"

"Kwa sababu unapima kwa vidole."

Thayne aliinuka taratibu. Changarawe zilikuwa zimemganda shavuni na hakuzitoa.

"Kibandiko kinasema ngapi?"

"Thayne..."

"Ngapi!"

"Elfu moja na themanini na tano."

Alisimama pale, mtu ambaye hajawahi kuzidisha uzito, juu ya kilele cha mlima alioutawala, na mkewe amemzidishia ratili mia nne tisini na tano. Hasira ilipanda, ikakosa pa kutokea. Angemtukana nani? Mtu aliyedanganya au mtu aliyekubali kudanganywa ili asionekane kipofu?

"Kwa ajili ya choo," alisema.

"Kwa ajili ya choo, ndiyo." Sauti ya Raelene ilikuwa kavu. "Umesoma walivyoandika madaktari? Hukusoma. Mimi nimesoma. Wiki ya tatu nitakuwa nikiharisha damu, Thayne, mara kumi na tano kwa siku, ngozi imeungua kama ya nguruwe aliyebanikwa. Wewe ulitaka nifanye hayo kwenye ndoo, futi tatu kutoka kwenye sikio lako."

"Mimi sioni hata mkono wangu!"

"Unasikia. Tangu macho yako yaende, unasikia kila kitu. Unanisikia nikimeza mate."

Lori lilipita likielekea kusini, tupu, minyororo yake ikilialia. Wote wawili walisubiri lipite.

"Tunageuza?" aliuliza Raelene. "Sema. Tukigeuza leo, mashine watampa mtu mwingine. Wataniita tena Januari. Daktari alisema Januari si neno la kutumia."

"Hatugeuzi." Thayne alikuwa tayari anahesabu. Kuhesabu kulimshika mikono. "Mteremko wa upande ule ni maili kumi na mbili. Breki za gari hili hazitafika nusu. Mwaga maji. Yote. Hizo ni mia moja sitini na sita."

Maji ya moto, yale aliyoyataka sana, yalimwagika kwenye changarawe yakatoa mvuke. Mtungi mmoja wa gesi ukashuka, ratili arobaini. Makopo na jokofu dogo la insulini, sitini. Sanduku la vifaa, arobaini na tano. Kiti cha kuegemea, thelathini na nane. Thayne alikiburuta mwenyewe akakiacha kimetazama bonde. Alipomaliza alisimama akihema, midomo ikitikisika kwa kuhesabu.

"Mia tatu arobaini na tisa. Bado tumezidi mia moja arobaini na sita."

"Kuna nini kingine cha kushusha?"

Alilijua jibu kabla hajaanza kumwaga maji. Pengine na yeye Raelene alilijua.

"Mimi," alisema Thayne.

"Acha upuuzi."

"Ni hesabu. Mimi nikishuka, unabaki na ratili tisini za ziada. Nikipanda, kona ya saba tunaruka. Hapa malori hayakosi. Nitapata wa kunishusha, utanisubiri dukani Sula, mwisho wa mteremko. Huko chini ni tambarare, itatuvumilia." Alimshika mabega, yalikuwa mifupa na koti. "Sikiliza. Gia ya pili kuanzia hapa. Ikipiga kelele, iache ipige kelele. Mguu usikae juu ya breki kama kuku anayeatamia. Kanyaga kwa nguvu, hesabu tatu, achia. Kwa nguvu, achia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Kwa nguvu, achia. Thayne, kuna baridi."

"Nenda."

Alienda. Thayne alisimama kando ya kiti chake na makopo yake, akasikiliza. Injini ilipiga yowe katika gia ya pili, vizuri, ikapokewa na kona ya kwanza. Kona ya pili. Breki zikagusa, zikaachia. Alikuwa akifanya alivyoambiwa. Kona ya tatu ilimeza sauti yote na kumwachia upepo.

Robo tatu ya saa ilipita, theluji ikaamua kudondoka. Lori lililosimama lilikuwa la kijana aitwaye Tuck, limejaa magogo.

"Mzee, umehamia hapa?" aliuliza Tuck akitazama kiti na makopo.

"Nishushe Sula. Nina hili tu la kubeba." Alikumbatia jokofu la insulini.

"Na hivyo vingine?"

"Achukue anayetaka."

Tuck aliendesha vizuri, Thayne hakuwa na la kumlaumu, na hilo lenyewe lilimuudhi. Kwenye kila kona aliuliza kitu kimoja: "Kuna alama za tairi ukingoni? Kuna chochote cheupe huko chini kwenye miti?" Na kwenye kila kona kijana alijibu, "Hakuna, mzee." Kona ya nne, hakuna. Kona ya saba, hakuna. Walipofika tambarare shati la Thayne lilikuwa limelowa mgongo mzima ingawa dirisha lilikuwa wazi.

"Pikapu nyeupe, ina kijumba," alisema lori liliposimama dukani Sula. "Imeegeshwa wapi?"

"Sioni pikapu nyeupe," alisema Tuck.

Mwenye duka, mama mmoja aitwaye Marva, alitoka mlangoni akijifuta mikono. Aliiona ile pikapu, ndiyo. Ilipita kama saa nzima sasa, mwendo wa kawaida, haikusimama. Mwanamke peke yake.

"Breki," alisema Thayne. "Zimekufa. Ameshindwa kusimama."

"Hapana, baba. Ilisimama pale njia panda, ikampisha ng'ombe wa watu. Kisha ikaenda."

Alikaa kwenye benchi ndani ya duka. Tuck aliondoka na magogo yake. Simu za mkononi hazishiki bonde lile, lakini Marva alikuwa na simu ya waya ukutani, na baada ya muda ikalia, na Marva akasema, "Yupo hapa, ngoja," akaivuta waya mpaka kwenye benchi.

"Uko wapi?" alisema Thayne. "Umezima jiko la gesi? Breki zinanuka?"

"Niko mbele huku, Hamilton. Nimepaki. Breki ni nzima."

"Basi rudi, au nisubiri hapo hapo, nitatafuta..."

"Thayne. Nisikilize kama unavyosikiliza injini. Nilipokushusha, gari lilikaa sawa. Usukani ukanitii. Kona zote zile, maili kumi na mbili, nilisubiri kuogopa na sikuogopa. Nimesimama hapa nimelia, nimekunywa kahawa, nimelia tena. Siwezi kukupakia tena."

"Huku chini ni tambarare. Nimekwambia, itavumilia."

"Gari litavumilia."

Marva alijifanya anapanga chumvi rafuni.

"Wiki sita," alisema Raelene. "Wewe utakaa futi tatu kutoka kwangu ukisikiliza, na mimi nitakaa nikikuficha sauti. Nitakuchoma sindano zako asubuhi na jioni kwa mkono unaotetemeka, nitakuongoza chooni, hicho hicho, mwili wenyewe unaniishia. Nina nguvu za mtu mmoja. Nimezipima. Hazizidi hapo."

"Insulini yangu..."

"LaDonna atakuja mara mbili kwa siku. Nimeshampigia."

Hapo ndipo ilipomwingia. Maneno mengine aliweza kuyabishia, alikuwa na majibu. "Umempigia LaDonna kabla ya kunipigia mimi."

"Ndiyo."

"Ukifa huko?"

"Nitakufa nimefunga mlango," alisema Raelene, polepole, bila ukali. "Usinichukie. Au nichukie, lakini nenda nyumbani ukale kwanza, umekaa muda mrefu bila chakula. Sukari yako itashuka."

Alitaka kusema jambo kubwa. Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imerundikana nyuma ya meno yake, na lililotoka lilikuwa, "Usiku washa jiko kabla hujalala, turubai halizuii baridi."

"Nitawasha."

"Na dirisha acha wazi kidogo. Gesi."

"Najua, Thayne."

Simu ikakatika. Marva aliipokea mkononi mwake, akaitundika, akamletea supu ya maharage na mkate bila kuulizwa. Alikula yote kwa sababu aliambiwa ale. Nje malori yalikuwa yakija na kuondoka, na alijua kila moja kwa mlio wake lilivyo zito au tupu, lakini mlio haukumwambia limetazama wapi.

"Mama," alisema hatimaye, akisimama na jokofu kifuani. "Mimi sioni. Nitazamie huko nje, uniambie lipi linaelekea Salmon."